Nimeonja, Karibuni

Kwa miaka kadhaa katikati ya miaka ya tisini, ungeweza kutoka Mirongo mjini ukaifuata barabara ya Shinyanga hadi Buhongwa, na kila mahali penye duka au baa ungekutana na mwandiko wangu. "Tumeonja. Karibuni." Herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, ukuta wa njano, na pembeni chupa ya bia inayotoka jasho. Chupa niliichora vibaya, nakubali. Ilikuwa na mabega kama ya mpagazi wa bandarini. Lakini herufi zilikuwa safi. Watu waliyasema maneno hayo harusini na kwenye vikao, na siku moja ya mavuno mzee wa kanisa aliyatumia kutukaribisha chai, kanisa zima likacheka. Mimi nilikaa benchi la nyuma nimevimba kichwa. Leo nikikumbuka natamani ningekuwa bubu, walau kwa adhuhuri moja.

Maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya dada yangu, na kabla yake yalikuwa ya mama.

Mama alikuwa mpika pombe ya mtama kijijini kwetu, upande wa Magu. Kwetu pombe hainywewi hovyo. Aliyeipika ndiye anayeonja kwanza, tena akiwa amesimama mbele ya watu wote, ili kila mtu amwone akimeza. Wazee walisema desturi hiyo ilitokana na sumu, kwamba zamani watu walimalizana kwa njia hiyo. Mama hakupenda habari za sumu. Alichota kwa kata, akanywa mafunda mawili, akatulia kidogo kama anayesikiliza tumbo lake, kisha akasema, "Nimeonja, karibuni." Kabla ya hapo hakuna aliyethubutu kunyoosha kikombe, hata mwenyekiti wa kijiji. Wapishi wengine nao walionja, maana desturi ni ya wote, ila wao waliguna tu au wakasema "haya". Maneno yale alikuwa nayo mama peke yake, na watu waliyajua kuwa ni yake kama walivyoijua sauti yake.

Alifariki nikiwa darasa la tatu. Dada, aliyekuwa kifungua mimba, ndiye aliyenilea. Alishanibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, na sasa ikambidi abebe mengine yote: kaptula, madaftari, malaria yangu na utundu wangu. Alipofiwa na mume alihamia Buhongwa, akajenga nyumba ya matofali mabichi kando ya barabara, akafungua kilabu cha pombe. Mapipa mawili, mabenchi manne, paa la bati lenye mawe juu yake lisipeperuke. Kila siku ya kufungua pipa alisimama mlangoni na kata mkononi, akanywa mafunda mawili, akatulia, akasema yale ya mama. Walevi waliokuwa wakigombana walinyamaza kumsubiri. Mimi sijawahi kuona padri wala diwani akisubiriwa vile.

Wakati huo nilikuwa najifunza kazi ya kuandika mabango kwa fundi mmoja pale Mirongo. Fundi alikuwa na kanuni moja kubwa: usisome. Alisema ukisoma neno, akili inakimbilia mwisho wake, na mkono unaruka herufi. Kuna mwenzetu aliyekuwa anapenda kusoma, akaandika ZAHANTI kwenye ukuta wa zahanati, na ikakaa hivyo mpaka mvua za masika zilipoibandua. Fundi alitutaka tutazame herufi moja moja, kama watu wasiojua maana yake. Nikaishika kanuni hiyo barabara. Nilipohitimu, kazi yangu ya kwanza isiyo na mtu wa kunisahihisha ilikuwa ukuta wa mbele wa kilabu cha dada. Nikaandika kwa rangi ya bluu: NIMEONJA, KARIBUNI. Dada hakujua kusoma zaidi ya jina lake. Alipitisha kidole juu ya herufi rangi ikiwa mbichi, akaiharibu N ya kwanza, na nilipotaka kuirekebisha akanikataza. Alisema iache hivyo hivyo, ni kidole chake.

Hayo yalikuwa kabla ya mageuzi. Siku hizo bia ya kiwandani haikuhitaji tangazo, ilihitaji mjomba. Bila mtu unayemjua hukuipata, na ukiipata ilikuwa ya moto, na lazima uwe na chupa tupu ya kubadilishana. Kuna watu walificha chupa tupu chini ya kitanda kama wengine wanavyoficha hati za shamba. Nani angejisumbua kuisifia bia ukutani?

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa, viwanda vya minofu ya sangara vikaota ufukweni, wageni wakawa wengi kwenye hoteli, na serikali ikaanza kuviuza viwanda vyake kimoja kimoja. Bia zikaja za kila rangi, na kila bia ikaja na maneno yake. Kampuni iliyonipa kazi sitaitaja, na siku hizi hata jina lake halipo tena. Walimtuma afisa masoko kutoka Dar es Salaam, kijana wa rika langu, shati jeupe, viatu vya ngozi. Kwa kuwa alikuwa Mzaramo na mimi Msukuma, tukaanza na utani siku ile ile ya kwanza, na utani unalegeza watu. Maneno waliyokuja nayo yalikuwa "Ladha ya Kimataifa". Niliyaandika kwenye kuta tano au sita. Mzee mmoja wa sokoni akasimama chini ya ngazi yangu, akayasoma kwa sauti, akauliza mataifa yaliyokunywa ni yapi, na kama yalifika nyumbani salama. Bia ikalala madukani.

Adhuhuri moja nilikuwa juu ya ngazi pale Mirongo, nikimalizia ukuta wa duka la vipuri vya baiskeli. Afisa masoko akaja akasimama chini, mkono umekinga jua.

"Mtani," akasema, "hivi nyie huku mkinywa huwa mnasema nini?"

"Tunanyamaza tunakunywa. Kusema ni kwenu pwani."

Akacheka, lakini hakuondoka. "Niambie kweli. Maneno ya Dar huku hayatembei."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimjibu. Naona ni kwa sababu mimi nilikuwa juu na yeye chini, na amevaa viatu vile, na ananiuliza mimi jambo ambalo yeye halijui. Watu wa viatu vile walikuwa wanaonyesha tu kwa kidole mahali pa kuandika. Nikataka aendelee kuniuliza.

"Nimeonja, karibuni," nikasema.

Akayarudia polepole, mara mbili, akatoa kalamu. "Umeyatoa wapi haya?"

Ningeweza kusema ni ya mama. Ningeweza kusema shuka mtani, twende Buhongwa ukamwone mwenyewe anavyoyasema. Safari yenyewe si ndefu, na dada angemkalisha kwenye benchi na kumpa kikombe. Nikasema, "Yangu. Nimeyatunga mwenyewe."

Ulimi hauna mfupa, wanasema, na wangu siku hiyo haukuwa hata na aibu.

Hazikupita wiki nyingi akarudi na karatasi iliyopigwa chapa, yenye mistari mirefu na mahali pa kutia saini. Nilikuwa na brashi mkononi, mikono imejaa tapentaini. Karatasi ile niliitazama vizuri sana. Naweza kukuambia hadi leo kwamba herufi "a" ya mashine yao ilikuwa imejaa uchafu tumboni, kwamba pambizo la kushoto lilikuwa limepinda, na kwamba kichwa cha barua kilibanana mno. Nilitazama kila herufi, na sikusoma hata sentensi moja. Nikaweka saini yangu kwa madoido, herufi ya kwanza ina mkia unaozunguka jina zima, maana nilitaka wajue wamempata fundi. Wakanipa kofia na fulana mbili.

Wao wakabadilisha neno moja, likawa "Tumeonja", na mwishoni wakaniagiza niweke kiduara kidogo chenye R ndani yake. Nilikichora kwa kuzungushia kizibo cha soda, kwenye kila ukuta, na kwa mwaka mzima niliamini ni pambo. Mjita mmoja niliyefanya naye kazi aliniambia hiyo R wameiweka makusudi ili Wasukuma tujifunze kuitamka. Tukacheka sana. Hakuna aliyetuambia kwamba kiduara kile maana yake ni uzio.

Dada aliyasikia kwa mara ya kwanza redioni. Aliniambia alikuwa anapeta mtama, akasikia ngoma, kisha sauti ya mwanamke ikasema maneno ya mama, akaangusha ungo. Nilipofika Jumapili ile alinishika mikono yote miwili.

"Umempeleka mama redioni," akasema. "Mdogo wangu, mama amefika redioni."

Alidhani nimewaambia ni maneno ya nani. Alidhani kule Dar kuna watu wanaomjua mama yetu. Nikamwacha adhani hivyo. Kwa muda mrefu alikuwa akimwambia kila mteja, kabla hajaonja, kwamba yale ya kwenye redio yametoka kwake, mdogo wake ndiye aliyeyapeleka, na mimi nikiwepo alinionyesha kwa kata. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine: furaha yake ile, na mimi nimesimama hapo nimevaa kofia ya kampuni nikiipokea.

Kisha ikafunguliwa baa ng'ambo ya barabara, karibu uso kwa uso na kilabu. Ilikuwa na friji, viti vya plastiki, na ukuta wa njano niliouandika mwenyewe. Vijana wakavuka. Wazee walibaki, lakini hata wao wakaanza kumtania dada. Akishaonja na kusema lake, mmoja angedakia, "Mama, hayo si ya bia? Unatangaza bia na kutuuzia mtama?" Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akawa anasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayepita kwenye uwanja wa wenyewe.

Barua ikaja wakati wa kiangazi. Mtu wa pikipiki alimkabidhi, akasema ampe mtu amsomee. Aliihifadhi ndani ya kitenge mpaka nilipokwenda. Barua ile niliisoma. Kwa mara ya kwanza maishani sikutazama herufi, nilisoma maneno. Ilisema maneno yaliyo kwenye ukuta wa kilabu ni mali iliyosajiliwa, yanafanana na ya kampuni kiasi cha kuchanganya wateja, yafutwe, na yasitumiwe katika biashara ya kinywaji chochote.

"Inasemaje?" dada akauliza.

"Matangazo tu," nikasema. "Wanataka kuleta bia zao hapa."

"Waambie mimi nina pombe yangu," akasema, akairudisha kwenye kitenge.

Kesho yake nilimfuata afisa masoko kwenye hoteli aliyofikia. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki kumfanya mbaya ili mimi nipungue ubaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mtani, ulipotia saini si ulisema ni yako?" Nikakubali. Akasema, "Basi ukienda ofisini ukasema ni ya dada yako, unasema ulitudanganya, na wewe ndiye utakayejibu. Kazi utapoteza, na ukuta utafutwa vilevile." Akaniambia nifikirie. Nikafikiria, na katika kufikiria kwangu nilijipa mimi nafasi ya kwanza.

Kila Jumatatu tulipewa orodha ya kuta za wiki. Ya Jumatatu iliyofuata, mstari wa nne ulikuwa Buhongwa, kilabu cha pombe, ukuta wa mbele, kufuta. Ningeweza kumwachia Mjita. Nilijiambia afadhali nifanye mimi, nitaufuta kwa heshima. Mtu akitaka kufanya jambo la aibu hakosi maneno mazuri ya kulivisha. Nikachagua asubuhi ya siku ambayo dada hupeleka kimea mashineni kusaga, nikijua foleni ya mashine hairudishi mtu kabla ya saa sita.

Siku ile mashine ilikuwa imeharibika. Nilikuwa nimeshapaka rangi nyeupe juu ya NIMEONJA, imebaki KARIBUNI, niliposikia kandambili nyuma yangu. Alikuwa amesimama na beseni la kimea kichwani, hakulishika, shingo imenyooka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Wamesema tufute."

"Wamesema akina nani?"

"Wenye bia. Ndiyo ile barua. Maneno yamesajiliwa, ni yao."

Akashusha beseni taratibu, akaliweka kwenye benchi, akajifuta vumbi la kimea mikononi. "Nani aliwaambia ni yao?"

Hapo sikuwa na mtani wa kumsingizia. "Mimi," nikasema. "Waliniuliza ni ya nani. Nikasema yangu."

Hakupiga kelele, na ningeshukuru kama angepiga. Alitazama ule weupe mbichi, na mimi nikatazama miguu yake, yenye nyufa za kukanyaga matope ya matofali ya nyumba ile ile.

"Ungeniomba ningekupa," akasema. "Hata mama asingekunyima."

Nikamwomba msamaha. Nilisema mengi, ya kweli na ya kujitetea, yote kwa pamoja. Aliyaacha yaishe. Kisha akasema, "Maliza. Ukiacha nusu watu watadhani nimeufuta mimi kwa hasira." Akaingia ndani. Nikabaki na KARIBUNI mbele yangu, nikalifuta herufi moja moja, na safari hii kila herufi niliisoma.

Aliendelea kupika, miezi kama sita hivi. Alionja kama kawaida, amesimama, mafunda mawili, akatulia, kisha hakusema kitu. Aligeuka tu akaanza kuchota. Niliona kwa macho yangu wateja wakishindwa kujua wanyooshe vikombe lini. Wengine walinyoosha mapema, wengine wakachelewa, na kilabu kikawa na vurugu ndogo ambayo hakikuwa nayo kabla. Wakazidi kuvuka barabara. Mwisho akauza mapipa, akaenda kukaa kwa binti yake Buswelu, akalima viazi na mihogo. Akiulizwa alisema mgongo umechoka kubeba kimea. Mgongo wake ninaujua mimi, haukuwa umechoka.

Na bia yenyewe? Haikudumu. Kampuni ikanunuliwa na kampuni nyingine, wakaja na bia mpya na maneno mapya, ya mpira wa miguu, na tukatumwa kuzipaka upya kuta zote. Nilizifuta mwenyewe, kuanzia Mirongo kwenda nje. Miaka ile ile nilikwenda ofisini kwao kuuliza kama maneno ambayo hawayataki tena yanaweza kurudi kwa mwenyewe. Binti wa mapokezi alikuwa mpole, akapiga simu mahali, akaniambia yangali yamesajiliwa, hata kama hayatumiki. Niliuliza yako wapi. Akasema yako kwenye faili. Nikatoka, sikujua hata nimkasirikie nani.

Kwa dada sikufukuzwa. Alinipikia nilipokwenda, aliniuliza habari za watoto, alikuja nilipougua. Majirani waliotuona walisema hawajaona ndugu wanaopatana vile. Kuna kitu kimoja tu, na nilichelewa kukiona.

Dada hakuwahi kujua mpaka kati ya kilicho changu na kilicho chake. Tangu nimeanza kujitegemea alikuwa akiingia kwangu anafunua sufuria, anachukua sabuni, anavaa kandambili za mke wangu na kuondoka nazo. Mke wangu alinung'unika, mimi nikamwambia huyo ni mama yangu, mwache. Miaka michache baada ya kilabu kufungwa, alikuja kutusalimia kutoka Buswelu, jua kali, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tukampokea mizigo, tukaketi sebuleni. Baada ya muda akainuka kwenda jikoni, nikaona amesimama mlangoni kwa ndani, mkono mmoja umeshika fremu. Mtungi wa maji ulikuwa mbele yake na kikombe juu ya kifuniko.

"Naomba kunywa maji," akasema.

Nilidhani anatania. Nikamtazama, na hakuwa anatania. Ndipo nikakumbuka kwamba mara iliyopita aliomba chumvi, na kabla yake aliomba kigoda akikalie, na kabla yake aliuliza kama anaweza kumbeba mwanangu mdogo. Nikamwambia, "Dada, hapa ni kwako. Tangu lini unaomba maji?"

"Najua ni kwangu," akasema, bado amesimama palepale. "Lakini ni vizuri kuuliza."